Kanieneo ya tairi

Kanieneo ya tairi, ambayo madereva huiita upepo wa tairi, ni kiasi cha msukumo wa hewa iliyojazwa ndani ya tairi. Hewa hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uzito wa gari. Mpira huizuia isitoke. Hupimwa kwa pauni kwa inchi ya mraba (psi), kwa kilopaskali au kwa baa. Baa 1 ni kilopaskali 100, yaani takriban psi 14.5.

Athari zake

Upepo ukipungua, ubavu wa tairi hujikunja na kunyooka kila gurudumu linapozunguka. Hali hiyo huzalisha joto, huongeza matumizi ya mafuta na kumaliza kashata za pembeni. Gari huchelewa kufuata usukani, na likiwa na mzigo mzito kwa mwendo wa kasi, tairi linaweza kupasuka.

Upepo ukizidi, tairi huwa gumu. Sehemu inayogusa barabara hupungua, kashata za katikati huisha mapema, na abiria husikia kila shimo.

Matairi ya mbele yakipungukiwa, gari huwa zito kukata kona. Ya nyuma yakipungukiwa, mkia wa gari huelekea kuteleza.

Kiasi kinachofaa

Kiasi kinachofaa huandikwa na mtengenezaji wa gari kwenye kibandiko, ambacho kwa kawaida huwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Katika magari yaliyoagizwa kutoka Japani mara nyingi huandikwa kwa kilopaskali: 220 ni sawa na psi 32 hivi. Namba ya kanieneo iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi lenyewe, si kiasi cha kujaza. Gari linapobeba mzigo kamili, kibandiko huweza kutaja kiasi kikubwa zaidi, hasa kwa matairi ya nyuma.

Upepo hupimwa tairi likiwa limepoa, kabla ya safari au baada ya gari kusimama kwa saa 3 hivi. Tairi lililotoka mwendoni huonyesha kiasi kikubwa kwa sababu ya joto. Likipunguzwa wakati huo, litakuwa na upungufu likipoa.

Barabara za vumbi

Katika Wilaya ya Serengeti, kama vile maeneo ya Mugumu na Morotonga, barabara nyingi ni za changarawe na udongo. Kupunguza psi chache hulainisha safari na husaidia tairi kushika kwenye tope. Hata hivyo, upungufu mkubwa huacha ubavu na ringi wazi kwa mawe makali. Dereva aliyepunguza hupaswa kwenda polepole, kisha kujaza tena kabla ya kuingia kwenye lami ya barabara kuu ya Musoma–Sirari, ambako kasi huongezeka na joto la tairi pia.