Gobore la Kuwindia na Baruti Yake: Kipi Kweli, Kipi Uongo

Majimbo mengi ya Marekani hutenga msimu maalumu wa kuwinda kulungu kwa gobore tu, mbali na msimu wa bunduki za kisasa. Mwindaji anapewa risasi moja, na akikosa, mnyama hatamngoja amimine baruti na kushindilia upya. Ndiyo maana msimu huo hupendwa na watu wenye subira, na kila mwaka huwavuta wageni, wakiwamo Waswahili walioko huko wanaoalikwa na wafanyakazi wenzao kwenda porini.

Mgeni huyo akiingia dukani hukuta magobore ya kila namna, makopo ya baruti yasiyofanana na ushauri unaogongana. Wauzaji wana yao, wazee wa kambini wana yao, naye mwenyewe ana aliyoyasikia nyumbani kuhusu magobore ya vijijini. Baadhi ya maneno hayo ni kweli. Mengine yanaweza kumwondolea mtu vidole au macho, na hayo ndiyo nitakayoyakalia zaidi.

"Gobore halina shabaha."

Uongo, ingawa kwetu una asili yake. Mwaka 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba uliozuia kuingiza silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini mwa ikweta. Bunduki zenye mifereji ndani ya mtutu ndizo zilizolengwa hasa. Zilizoachiwa mlango, chini ya masharti, ni za gumegume zenye mtutu laini, pamoja na ile baruti hafifu ya biashara. Kwa hiyo gobore ambalo babu zetu walilifahamu, na ambalo mafundi wa vijijini waliendelea kuliiga kwa vipande vya bomba, ni la mtutu laini. Risasi inayotoka humo haizunguki, na isipozunguka hupepesuka.

Mifereji ndiyo inayoleta shabaha. Kupakia kupitia mdomo wa mtutu hakuiondoi. Mafundi wenye asili ya Ujerumani waliokaa Lancaster, Pennsylvania, katika karne ya 18 walitengeneza magobore marefu yenye mifereji, na wawindaji wa mipakani waliyategemea kwa kitoweo chao. Gobore la leo lenye mifereji mizuri, likipewa risasi inayolifaa, humwangusha kulungu kwa pigo moja safi katika mita 80 au 90. Mengine hufika mbali zaidi.

"Risasi yoyote yenye kipenyo kinachoingia itafaa."

Uongo, na kosa hili huwapotezea watu pesa nyingi. Kabla ya kutazama bei au uzuri wa mbao, uliza mifereji inazunguka kwa kasi gani. Wamarekani huandika kwa inchi: 1:66 maana yake risasi inamaliza mzunguko mmoja katika inchi 66, na 1:28 inamaliza katika inchi 28. Mzunguko wa polepole kama 1:66 unaifaa risasi ya duara iliyovishwa kitambaa chenye mafuta. Mzunguko wa haraka kama 1:28 unaifaa risasi ndefu, ama ya madini ya risasi pekee au ile ndogo inayovishwa ganda la plastiki. Katikati ipo 1:48, inayozipokea zote mbili kwa kiasi bila kuwa bingwa wa yoyote. Gobore la Hawken lililotolewa na kampuni ya Thompson/Center mwaka 1970, ambalo hadi leo linapatikana kwa bei nafuu mikononi mwa watu, lina 1:48.

Basi amua kwanza unataka kuwinda na nini. Risasi ya duara ya gobore la .50 ina uzito wa greni 180 hivi, yaani karibu gramu 12. Hutoka kwa kasi kubwa, lakini kwa umbo lake huishiwa nguvu upesi. Ikifika mita 90 imepoteza karibu nusu ya kasi yake. Kwa kulungu wa msituni anayepigwa karibu, inatosha kabisa. Kwa elki kwenye milima iliyo wazi, mimi ningechukua risasi ndefu na nzito.

"Baruti ni baruti, mradi iwe nyeusi."

Huu ndio uongo mbaya kuliko wote.

Baruti nyeusi ya asili ni mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa. Baruti isiyo na moshi, inayotumika katika risasi za bunduki za kisasa, ni kitu kingine kabisa. Shida ni kwamba nayo mara nyingi hupakwa grafiti, hivyo machoni huonekana nyeusi au kijivu. Mtu akiitazama kiganjani anaweza kudanganyika. Ndani ya mtutu hakuna udanganyifu: baruti ya asili huungua kwa mwendo usiobadilika sana hata mgandamizo ukipanda, lakini ile ya kisasa, mgandamizo unapopanda, huzidi kushika kasi, na kasi hiyo huzidi kuupandisha mgandamizo. Tena kwa ujazo uleule hubeba nguvu nyingi zaidi. Mtutu wa gobore la kawaida haukujengwa kwa hilo. Hupasuka, na hupasukia karibu na uso na mkono wa mpigaji.

Yametengenezwa magobore machache mno yaliyoundwa makusudi kwa baruti isiyo na moshi, kama Savage 10ML-II, na hayo husema hivyo waziwazi katika kitabu chake. Kama kitabu cha gobore lako hakisemi, jibu ni hapana, hata kijiko kimoja. Baruti isikae kwenye kopo lisilo lake, na kopo lisilo na lebo halifai kutumika. Ya kutengenezwa nyumbani usiiguse. Huua watengenezaji kabla hata haijafika porini.

"Herufi F zikizidi kwenye kopo, baruti ni kali zaidi."

Nusu kweli. Fg, FFg, FFFg na FFFFg hueleza ukubwa wa punje, na F zikiongezeka punje huwa ndogo. Punje ndogo huungua haraka, hivyo uzito uleule hupandisha mgandamizo zaidi. Kwa kawaida FFg ni ya magobore ya .50 na kuendelea, FFFg ni ya bastola na mitutu myembamba, na FFFFg, laini kama unga, huwekwa kwenye kisahani cha gumegume ili ishike cheche. Haikutengenezwa kujaza mtutu.

"Baruti mbadala ni sawa na ya asili, badilisha tu."

Hapa jibu linategemea gobore. Pyrodex ilianza kuuzwa miaka ya 1970, na maduka mengi yaliipokea kwa furaha kwa kuwa sheria za Marekani huihesabu baruti ya asili kuwa kilipuzi, na kuihifadhi kuna masharti mazito. Baadaye zikaja Triple Seven na Blackhorn 209.

Nyingi kati ya hizi hupimwa kwa ujazo, hazipimwi kwa mizani. Kipimo kinachoitwa greni 100 ni nafasi ile inayojazwa na greni 100 za baruti ya asili, yaani gramu 6.5 hivi. Pyrodex ni nyepesi kuliko ya asili, kwa hiyo anayeipima kwa mizani hadi ifike greni 100 amejaza zaidi ya alivyodhani. Triple Seven ina nguvu zaidi, na watengenezaji wake hushauri kupunguza asilimia 15 ya ujazo ukitoka kwenye baruti ya asili.

Kisha kuna kuwaka. Mbadala zote huhitaji joto kubwa zaidi kuliko ya asili. Cheche za gumegume huiwasha baruti ya asili bila taabu, lakini kwa mbadala ni kujitafutia mlio wa kisahani bila risasi kutoka. Mwenye gumegume anunue baruti ya asili. Mwenye gobore la fataki ndogo za kawaida anaweza kutumia Pyrodex. Blackhorn 209, kama jina lake linavyodokeza, inataka fataki kubwa ya namba 209, ileile ya risasi za shotgani, ambayo hukaa kwenye magobore ya kisasa yenye fataki iliyonyooka nyuma ya mtutu. Aina hiyo ilipata soko kubwa baada ya Tony Knight wa Missouri kutoa MK-85 mwaka 1985.

Kwa ufupi, usinunue baruti kisha ukaitafutia gobore.

"Ukiongeza baruti unaongeza nguvu."

Kweli kwa hatua chache za mwanzo, kisha uongo. Noble na Abel, watafiti wa Uingereza wa miaka ya 1870, walipima na kukuta kwamba zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi hubaki kuwa vitu vigumu baada ya kuungua: ndio ule moshi mzito na yale masizi ya mtutuni. Ni sehemu iliyobaki tu inayogeuka gesi ya kuisukuma risasi. Ukizidisha kipimo, faida ya kasi hupungua, teke la begani huongezeka na shabaha hutawanyika. Anza na kiwango cha chini kilichoandikwa na mtengenezaji, panda kidogokidogo, na usimame pale matundu kwenye karatasi yanapokaribiana zaidi. Kiwango cha juu kabisa cha kitabu hakivukwi.

"Risasi ikiwa imeingia, haidhuru ikiacha nafasi kidogo."

Uongo wa hatari. Risasi lazima ikalie baruti. Pakiwa na nafasi kati yao, mgandamizo unaweza kuuvimbisha mtutu au kuupasua. Dawa yake ni rahisi: pakia vizuri mara moja, tia alama kwenye mdeki usawa wa mdomo wa mtutu, na kila mara hakikisha alama imefika hapo. Mdeki huohuo hukuonyesha kama kuna mzigo wa zamani ndani. Gobore linaweza kukaa limejaa miaka mingi na likawaka, kwa maana baruti kavu haichachi. Na usimimine kutoka kwenye pembe au kopo moja kwa moja: kaa la moto lililobaki ndani litarukia kopo zima. Pima kwanza kwenye kipimo kidogo, ndipo umimine.

"Kusafisha kunaweza kungoja kesho."

Uongo. Masizi hunyonya unyevu na kutu huanza usiku huohuo; Pyrodex huacha na chumvi za kloridi juu yake. Maji ya moto yenye sabuni huondoa mabaki ya baruti ya asili, kisha kausha na upake mafuta. Blackhorn 209 husafishwa kwa dawa za kawaida za bunduki, wala si kwa maji.

"Gobore ni gobore, sheria hailiangalii."

Sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1968 huyaweka magobore mengi nje ya maana ya silaha ya moto katika ngazi ya shirikisho, na hapo ndipo uvumi huu ulipozaliwa. Lakini majimbo yana sheria zao, na za uwindaji ni kali. Pennsylvania ina msimu wa gumegume tangu 1974, na mwenye fataki hana nafasi humo. Colorado, katika msimu wake wa magobore, imekataza darubini, ganda la plastiki na baruti ya vidonge, na kwa elki hutaka kipenyo kisichopungua .50. Mtu aliyeshauriwa na duka la jimbo jingine anaweza kufika huko na gobore zuri asiloruhusiwa kulitumia. Soma kijitabu cha kanuni cha mwaka huu, cha jimbo utakalowinda, kabla ya kutoa hela, na upite kwenye mafunzo ya usalama wa uwindaji.

Na wewe unayesoma ukiwa nyumbani: Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na nchini Tanzania, chini ya sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015, gobore lisilo na kibali ni kosa la jinai hata kama ni la urithi. Gobore la babu lililofichwa darini huenda bado lina baruti ndani. Usilifyatue kulijaribu. Piga simu polisi, waeleze lilipo, na waache waje kulichukua wenyewe.