Moto Usiochoma: Mwanga wa Bahari Wakati wa Usiku

Wasomaji wetu wa Bungoma na Kitale wamjua sana kimulimuli. Mvua ikisha kunyesha na giza likiingia, watoto humkimbiza majanini, humtia katika chupa, wakastaajabu kuona taa isiyo na mafuta wala utambi. Lakini si wengi wetu tuliopata kuona maji ya bahari yakifanya kama kimulimuli.

Jambo hilo laonekana katika nchi yetu hii hii, katika hori ya Kilifi, kaskazini ya Mombasa. Usiku usio na mbalamwezi watu huingia humo kwa mitumbwi. Wageni hupenda kayaki, yaani mtumbwi mwembamba na mwepesi wa kuchukua mtu mmoja au wawili, ambao kafi lake lina bapa huku na huku. Mimi nilizaliwa mbali na bahari, na mara ya kwanza nilipochukuliwa huko nilikamata ubavu wa chombo kwa mikono miwili. Kila kafi lilipogusa maji, maji yaliwaka rangi ya samawati, kisha yakazimika. Samaki aliyekimbia chini yetu aliacha mstari wa nuru nyuma yake. Mzee aliyetuongoza akacheka, akasema, “Chovya mkono, bwana. Moto huu hauchomi.” Nikachovya, na matone yakaanguka vidoleni kama cheche.

Niliporudi nyumbani na kusimulia, baba yangu mkubwa aliuliza kama maji hayo si ya majini. Ni swali la haki, na jibu lake ni hili. Ndani ya maji hayo mna viumbe hai vidogo mno, wengi wao hawaonekani kwa macho matupu. Kila kimoja kikitikiswa hutoa mmuliko mfupi, kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mchana hawawaki, hata ukiyakoroga maji, hungoja usiku. Wataalamu wasema kwamba mmuliko huo humshtua mdudu atakaye kuwala, tena huwaita samaki wakubwa waje wamle mdudu yule. Ni kama mtu apigaye yowe usiku mwizi aingiapo bomani.

Nuru yenyewe yatoka wapi? Mwaka 1887 Mfaransa mmoja, Raphaël Dubois, alichukua chaza wa namna ya pekee mwenye kung’aa, akamloweka katika maji baridi. Maji yakang’aa kwa muda, kisha yakafifia. Akamtia mwingine katika maji ya moto, na nuru ikazimika mara moja. Maji hayo ya pili yalipopoa, akayachanganya na yale ya kwanza yaliyokwisha kufifia, na giza likageuka nuru tena. Akatambua kwamba vitu viwili vyahitajika: kimoja ndicho kinachotumika kama kuni, akakiita lusiferini, cha pili ndicho kinachoamsha kazi, akakiita lusiferasi, nacho huharibiwa na moto. Viwili hivi vikikutana pamoja na oksijeni, nuru hutoka pasipo joto. Kimulimuli wetu hufanya kazi kwa njia iyo hiyo, ijapokuwa lusiferini yake ni ya namna nyingine.

Baba mkubwa akauliza tena, “Mbona Nzoia hauwaki?” Kwa sababu viumbe hivi vyataka maji ya chumvi. Katika maji baridi ya mito na maziwa, viumbe vyenye nuru ni adimu mno duniani kote.

Bahari kuu ina ajabu kubwa zaidi. Mwezi wa Januari 1995 meli ya Kiingereza iitwayo Lima, ikipita mashariki ya pwani ya Somalia, ilijikuta juu ya maji meupe kama maziwa, nayo hayakumulika na kuzimika bali yaling’aa mfululizo. Hiyo ni kazi ya bakteria. Miaka kumi baadaye wataalamu walitafuta picha za setilaiti za siku hizo, wakaona doa la nuru la kilomita za mraba 15,400 hivi, yaani mara tano ya Bungoma nzima.

Hori zenye nuru huharibika upesi. Katika kisiwa cha Vieques, Puerto Rico, iko ghuba yenye sifa ya kung’aa kupita zote, imezungukwa na mikoko, na mlango wake ni mwembamba. Kuogelea humo kumekatazwa, maana mafuta ya ngozi hudhuru viumbe hao. Tufani ya mwaka 2017 ilipovunja mikoko, nuru ilipotea kwa miezi kadhaa kabla ya kurudi. Huko Kilifi nako iko mikoko, na akataye mikoko huenda akazima taa hiyo bila kujua.

Atakaye kwenda na aende wakati wa mwezi mwandamo, pamoja na mwenyeji ajuaye kupwa na kujaa kwa maji, na avae jaketi la kuelea, hasa sisi wa bara ambao kuogelea kwetu ni kwa shida. Tena, mahali popote maji ya bahari yakibadilika rangi yakawa mekundu, asile chaza wa hapo. Baadhi ya viumbe hawa wana sumu, na sumu hiyo haitoki kwa kupikwa.