Kunawa uso mara mbili: nani anahitaji?

Akina mama wanaovuka mpaka kati ya Kobero na Kabanga wananiuliza: je, ni lazima kunawa uso mara mbili kila jioni, kwanza kwa mafuta, kisha kwa sabuni? Mtindo huu ulivuma kutoka Japani na Korea Kusini. Mimi nilisomea kambini mkoani Kigoma, ambako maji tuliyapangia foleni, kwa hiyo kwanza huuliza faida.

Mafuta huyeyusha mafuta. Wanja, rangi ya midomo na krimu ya kuzuia jua mara nyingi havitoki kwa maji matupu. Mafuta huvilegeza, sabuni ikaviondoa. Aliyejipaka hivyo ana sababu ya kunawa mara mbili, tena usiku tu. Asiyejipaka kitu, hata akishinda kwenye vumbi, mara moja inamtosha.

Paka mafuta kidogo ya alizeti kwenye uso mkavu, sugua taratibu kwa vidole, futa kwa kitambaa safi chenye maji ya vuguvugu, kisha nawa kwa sabuni laini. Mawese yaache jikoni, yana rangi. Sabuni ya mche iachie nguo, hukausha ngozi.

Uso ukivuta au kuwasha, punguza kunawa. Na tukumbuke, ndugu zangu, weusi si uchafu. Krimu za kujichubua zenye zebaki hudhuru figo.

Kabla ya kununua chupa ya pili, jiulize: leo nimejipaka nini?