Ulemavu na kazi: Usitoke hospitali bila karatasi hii

Katika kliniki zetu za Nyanda za Juu Kusini, swali gumu kuliko yote haliulizwi siku ya upasuaji. Huulizwa wiki kadhaa baadaye, kidonda kikiwa kimeanza kukauka: “Daktari, sasa nitakula nini?”

Anayeuliza anaweza kuwa kijana aliyekatwa vidole na msumeno wa mbao Mafinga, mwendesha bodaboda wa Mwanjelwa aliyevunjika paja, mama wa Rungwe aliyepoteza mguu kwa kisukari, au mzazi wa Kihesa mwenye mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Wengi wao wamesikia kwamba Serikali inasaidia watu wenye ulemavu. Wachache wanajua inasaidia kupitia ofisi gani, kwa utaratibu gani, na kabla ya tarehe gani.

Tanzania Bara haina dirisha moja ambapo mtu mwenye ulemavu anajiandikisha na kuanza kulipwa kila mwezi. Msaada upo, lakini umegawanyika: mwingine uko kwenye mfuko wa fidia, mwingine kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii, mwingine halmashauri, mwingine TASAF, mwingine Bodi ya Mikopo. Milango mingi kati ya hiyo ina ufunguo unaofanana, nao ni maandishi ya daktari. Baadhi ya milango hufungwa muda ukipita.

Jambo hili si la watu wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na kuendelea wana aina fulani ya ulemavu.

Karatasi inatakiwa kusema nini

Wagonjwa wengi huondoka hospitali na cheti kilichoandikwa jina la ugonjwa na siku za kupumzika. Kwa tiba kinatosha. Kwa kazi hakitoshi.

Mwajiri au afisa wa mfuko akisoma “maumivu ya mgongo” hajui afanye nini. Akisoma “asibebe mzigo unaozidi kilo 10, anaweza kufanya kazi ya kukaa, apate nafasi ya kusimama na kujinyoosha kila baada ya saa moja”, anajua. Hivyo unapomwona daktari, mwombe akuandikie ripoti yenye mambo manne: tatizo lilianza lini na kwa sababu gani, ni la muda au la kudumu, ni kazi zipi huwezi kuzifanya, na ni kazi zipi bado unaziweza. Hilo la nne husahaulika sana, ilhali ndilo linalookoa ajira.

Mfano mzuri ni kifafa. Mtu anayeanguka hapaswi kusimama kwenye msumeno, kupanda nguzo wala kuendesha gari. Lakini anaweza kutunza stoo, kushona, kuuza duka au kufundisha. Ripoti inayosema tu “ana kifafa” humfukuzisha kazi. Inayotaja kazi hatarishi na zile salama humhamishia meza nyingine.

Una haki pia ya siri yako. Kama ripoti ni ya mwajiri, unaweza kumwomba daktari aeleze uwezo wako wa kazi bila kutaja jina la ugonjwa. Toa nakala mbili au tatu, na ile halisi ibaki nyumbani.

Ukiumia kazini

Mufindi na Rungwe wana mashamba na viwanda vya chai, Sao Hill ina msitu na mashine za mbao, Chunya ina migodi ya dhahabu. Hizi ni kazi zinazojeruhi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na ukaanza kazi Julai 2015. Waajiri wote wa Tanzania Bara, wa umma na wa binafsi, wanatakiwa kujisajili na kuchangia. Mfanyakazi hakatwi hata senti kwenye mshahara wake.

Ukiumia au ukipata ugonjwa unaotokana na kazi, Mfuko hugharimia matibabu. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda, hulipa asilimia 70 ya mshahara wako. Ulemavu ukibaki, daktari hufanya tathmini ya kiwango chake: kikiwa kidogo hulipwa kwa mkupuo, kikiwa kikubwa hulipwa pensheni ya kila mwezi. Upo pia utengamao, yaani kumrudisha mtu kwenye uwezo wa kufanya kazi, na posho kwa aliyeumia sana kiasi cha kuhitaji mtu wa kumhudumia.

Lakini kuna saa inayotembea. Mwambie mwajiri mara moja, kwa maandishi na mbele ya shahidi. Taarifa ya ajali inatakiwa iufikie Mfuko ndani ya miezi 12, na wapo wanaokuja kuulizia wakati mwaka wa pili umeshaanza. Kijana mmoja aliyewahi kuletwa kliniki yetu aliambiwa kazini kwake, “Nenda ukatibiwe kwanza, hayo mengine tutaongea.” Alitibiwa, akapona, na hayo mengine hayakuongelewa. Kupona kidonda hakumaanishi kwamba madai yamepokelewa mahali.

Kama ni kibarua, au unashuku mwajiri wako hajajisajili, usijitoe mwenyewe kwenye foleni. Peleka taarifa, wao ndio waamue. Na unapofika hospitali, sema wazi kwamba umeumia kazini. Usikubali kuambiwa useme umeanguka nyumbani. Maneno ya siku ya kwanza ndiyo yanayoandikwa kwenye faili, na faili ndilo litakalosomwa baadaye.

Kwa ajali ya barabarani, hakikisha una fomu ya polisi, PF3, na taarifa ya ajali yenyewe. Abiria au mtembea kwa miguu aliyegongwa anaweza kudai kwenye bima ya chombo kilichomgonga, na madai hayo hayaendi bila nyaraka hizo.

Ulemavu usiotokana na kazi

Mama wa kisukari au baba aliyepata kiharusi hana la kudai WCF, lakini kama ni mwajiriwa hayuko mikono mitupu.

Kwanza, likizo ya ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Cheti cha daktari kinahitajika.

Pili, mwajiri haruhusiwi kukuachisha kazi kwa sababu tu umeugua. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamtaka achunguze hali yako, akusikilize, na atafute njia nyingine kwanza: kazi nyepesi, kubadilisha majukumu, kurekebisha mahali pa kazi. Ile ripoti inayotaja kazi unazoziweza hufanya kazi yake hapa. Ukiachishwa bila utaratibu huo, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Siku 30 ni chache kwa mtu aliye kitandani, kwa hiyo ndugu wa mgonjwa azishike yeye.

Tatu, kama unachangia NSSF au PSSSF, yapo mafao ya ulemavu kwa mwanachama ambaye hawezi tena kufanya kazi, kwa masharti ya michango na uthibitisho wa jopo la madaktari. Watu wengi hudhani mifuko hii ni ya wazee peke yao. Ulizia michango yako kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, kwa sababu kuacha mwenyewe na kuthibitishwa kwamba huwezi ni mambo mawili tofauti.

Anayetafuta kazi au mtaji

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Kiwanda cha watu 200 kinatakiwa kuwa nao sita. Katika matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, waombaji wenye ulemavu huhamasishwa kuomba na kutakiwa kuainisha ulemavu wao kwenye mfumo. Wapo wanaouficha wakiogopa kukataliwa. Kwenye ajira za Serikali, kuuficha ni kujinyima nafasi iliyotengwa.

Kwa wanaojiajiri, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, na 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisitishwa mwaka 2023 na kurejea mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Sharti la idadi ya wanakikundi ni jepesi kwa watu wenye ulemavu kuliko kwa makundi yale mengine. Wa kumwona ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Kumbuka ni mkopo, si ruzuku: nenda na hesabu ya biashara unayoijua.

Anayedhani kumwajiri mtu mwenye ulemavu ni gharama kubwa afike Iringa mjini, kwenye kituo cha Neema Crafts. Kilianzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, kikianza na vijana watatu viziwi. Leo kina karakana na mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Mteja huandika anachotaka kwenye karatasi, chakula kinakuja. Marekebisho yaliyohitajika pale yalikuwa kalamu na karatasi.

Kwa mtu mwenye ualbino, marekebisho yanaweza kuwa kivuli tu: kumtoa kwenye kuchuma chai juani na kumpa kazi ya kupima na kuandika ndani, pamoja na mafuta ya kujikinga na jua. Hapo tunazungumzia saratani ya ngozi, si starehe.

Kwa wazazi

Mtoto mwenye ulemavu anahitaji faili lake mapema kuliko mtu mzima. Tunza kadi ya kliniki, ripoti za mazoezi ya viungo, vipimo vya macho na masikio. Mwandikishe kwenye ofisi ya mtaa au kijiji ili atambulike. Kama kaya yenu ni ya kipato cha chini sana, hakikisheni mnahudhuria mkutano wa mtaa au kijiji wa utambuzi wa kaya za TASAF, na mtajeni mtoto bila aibu. Asiyetajwa haandikwi.

Shuleni, Baraza la Mitihani huwapa watahiniwa wenye ulemavu maandishi ya nukta nundu, maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, na muda wa ziada. Lakini shule lazima itoe taarifa mapema, na shule hutegemea ripoti yako. Akifika chuo, ulemavu wake, au hata wa mzazi wake, huzingatiwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kwa barua ya Mganga Mkuu wa Wilaya au Mkoa. Anza kuifuatilia kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, maana wiki ile ofisi hujaa.

Pa kuanzia wiki hii

Kama uko wodini au una mgonjwa wodini, iwe Mbeya au Iringa, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kuruhusiwa. Wao wanajua ofisi zipi ziko jirani, na ndio wanaopokea maombi ya wasioweza kulipia matibabu. Kisha mwombe daktari ile ripoti ya mambo manne. Ikiwa ameandika kwa haraka au kwa maneno usiyoyaelewa, mwombe akusomee. Hiyo ni sehemu ya kazi yetu, na si usumbufu.

Mwisho, andika kwenye kalenda ya nyumbani tarehe ya ajali au ya barua ya kuachishwa kazi. Hesabu kutoka hapo siku 30 kwa CMA na miezi 12 kwa WCF, uziwekee alama nyekundu. Daktari hawezi kukurudishia kidole kilichokatwa, lakini fidia yake bado unaweza kuipata ukienda kabla ya alama hiyo.