Duara la RAF kwenye magari ya michezo

Duara la RAF ni alama inayotambulisha ndege za Jeshi la Anga la Kifalme la Uingereza (RAF). Kwa kawaida lina rangi nyekundu katikati, kisha nyeupe, na buluu upande wa nje. Alama hiyo hubandikwa pia kama pambo kwenye magari ya michezo ya Kiingereza, hasa ya zamani.

Asili

Mwaka 1914, mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ndege za Uingereza zilichorwa bendera ya taifa. Kwa mbali msalaba wa bendera hiyo ulifanana na ule wa ndege za Ujerumani, hivyo askari wa ardhini walizifyatulia risasi ndege za upande wao wenyewe. Waingereza wakaamua kuiga duara la Wafaransa, lenye buluu katikati na nyekundu nje, wakageuza mpangilio wa rangi. RAF ililirithi ilipoundwa mwaka 1918.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia

Mwaka 1940 duara la ubavuni mwa ndege za kivita lilizungushiwa ukanda mpana wa manjano. Kuanzia mwaka 1942 kanda nyeupe na za manjano zilifanywa nyembamba ili zisionekane kwa urahisi na adui. Katika Asia nyekundu iliondolewa kabisa, kwa kuwa ndege za Japani zilikuwa na duara jekundu.

Kwenye magari

Baadhi ya magari yana uhusiano wa kweli na ndege. W. O. Bentley, aliyeanzisha kampuni ya Bentley mwaka 1919, alikuwa amebuni injini zilizotumika katika ndege za Sopwith Camel. Triumph Spitfire, iliyotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, ilipewa jina la ndege maarufu ya vita. Morgan 3 Wheeler ya mwaka 2011 iliuzwa ikiwa na mapambo ya ndege za kivita kwa mteja aliyeyataka.

Hata hivyo, si kila nembo yenye mabawa imetokana na vita: mabawa ya Aston Martin ya mwaka 1932 huhusishwa na mchoro wa mdudu wa Misri ya Kale.

Aina ya duara huonyesha kipindi chake. Lenye ukanda mpana wa manjano hukumbusha ndege za mwaka 1940. Lisilo na nyekundu ni la vita vya Asia.