Gari la kuundia nyumbani na masharti ya bima

Juma hili nimepokea barua ya msikilizaji mmoja ambaye mdogo wake anaishi Uingereza. Kijana huyo ametumia miaka miwili, na akiba yake yote, kuunda gari katika banda la nyumba yake. Gari limekamilika na limepakwa rangi. Sasa kampuni ya bima imemwandikia kwamba haitamkatia bima ya wizi mpaka gari hilo lifungwe mitambo ya usalama inayotambulika, na afungiwe na fundi mwenye cheti. Msikilizaji wetu anauliza kama huku si kumwonea mtu aliyetumia mikono yake mwenyewe. Nimeona nilijibu swali hili kwa kirefu kidogo, maana ndani yake kuna mambo yanayomhusu hata mwenye gari la kawaida hapa kwetu.

Kwanza tuelewane ni gari la namna gani. Kujiundia gari ni mazoea ya siku nyingi kwa Waingereza. Mwaka 1957 kampuni ya Lotus ilitoa gari dogo lililoitwa Seven, na watu wengi walilinunua likiwa vipande. Sababu ilikuwa kodi. Gari zima lilitozwa kodi ya ununuzi, lakini vipande vya kwenda kuunganisha mwenyewe havikutozwa. Mwaka 1973 kodi hiyo iliondolewa, ikaja VAT, na mwaka huohuo kampuni ya Caterham ikachukua haki ya kuendelea kuliunda gari hilo. Unafuu wa kodi ukafa, mazoea yakabaki. Mpaka leo mtu hununua chesisi ya mabomba na bodi ya faibaglasi, kisha injini, gia na ekseli akazitoa katika gari kuukuu, labda Ford Sierra au Mazda MX-5.

Likiisha kuundwa, gari hupelekwa kwenye ukaguzi wa serikali uitwao IVA, ambao mwaka 2009 ulichukua nafasi ya ule wa zamani wa SVA. Wakaguzi huangalia breki, taa, mikanda, ncha zinazoweza kumchoma mtu, na pia kama gari lina kitu cha kumzuia asiyehusika kuliendesha. Lakini kinachomtosha mkaguzi hakimtoshi mwenye bima. Mkaguzi anataka gari lisiue watu. Mwenye bima anajiuliza atalipa kiasi gani likitoweka usiku.

Na kusema kweli, gari la namna hii hutoweka kwa urahisi. Mengi hayana paa la chuma wala vioo vya mlangoni, na mengine hata milango hayana. Uzito wake unaweza kuwa kilo 500 na kitu. Wanaume wachache wenye nguvu wanaweza kulinyanyua na kulipandisha kwenye tela bila kugusa ufunguo. Magari mapya ya Ulaya, tangu Oktoba 1998, hutoka kiwandani yakiwa na mtambo unaokataa injini isiwake mpaka utambue alama iliyofichwa ndani ya ufunguo. La kujiundia lina kile tu alichokifunga mwenyewe.

Kwa sababu hiyo makampuni ya bima ya Uingereza hutumia vipimo vya kituo cha Thatcham, kituo cha utafiti ambacho makampuni hayo yenyewe yalikianzisha mwaka 1969. Daraja la kwanza ni king'ora pamoja na kizima injini. La pili ni kizima injini peke yake. Vipo pia vifuatiliaji vinavyoonyesha gari liko wapi, ambavyo tangu 2019 hupangwa katika S5 na S7. Ile S5 humtambua dereva kwa kadi anayotembea nayo, na gari likiondoka bila kadi hiyo, kituo cha ulinzi hupata taarifa.

Hapa ndipo kazi ya fundi inapokuwa ngumu. Kizima injini cha kipimo hicho kwa kawaida hukata njia mbili za umeme au zaidi, kwa mfano stata na koili, au stata na pampu ya mafuta. Tena hujifunga chenyewe baada ya ufunguo kutolewa, bila kumngoja dereva akumbuke. Lakini injini ya zamani yenye kabureta mara nyingi ina pampu ya mafuta inayosukumwa na injini yenyewe, haina waya wa kukatwa. Na koili yake mwizi huweza kuipatia moto kwa kipande kimoja cha waya kutoka kwenye betri. Basi ukikata koili peke yake, umemchelewesha mwizi kwa dakika moja. Injini ya kisasa ina neema yake: ukichukua kompyuta yake, ufunguo wake na kile kikuku kinachousoma ufunguo, vyote kutoka gari lilelile, unapata kinga ya kiwandani. Tatizo ni kwamba wengi hununua injini bila ufunguo, kisha hulipa mtu aifute kinga hiyo kwenye kompyuta ili injini iwake. Injini huwaka kweli, kwa kila mtu.

King'ora nacho kina matata. Vile vya kawaida hutambua mtu ndani ya gari kwa mawimbi ya sauti, na mawimbi hayo huhitaji chumba kilichofungwa. Katika gari lisilo na paa, upepo tu utakipigisha kelele usiku kucha mpaka majirani wakuchukie. Gari la wazi hufungwa kitambuzi cha maikrowevu, ambacho upepo haukisumbui, na kingine cha kupima mwinamo, ili gari likinyanyuliwa kilie. Hicho cha mwinamo, kwa maoni yangu, ndicho cha kwanza kufungwa kwenye gari jepesi, na ajabu ni kwamba wengi hukisahau.

Halafu kuna bodi ya faibaglasi. Fundi aliyezoea bodi ya bati hufunga waya wa ethi popote penye skrubu. Kwenye faibaglasi umeme haupiti, hivyo kila kifaa kihitaji waya wake wa kurudi kwenye chesisi au betri. Mitambo mingi inayosemwa ni mibovu ina ethi mbaya tu. Upande mwingine faibaglasi haizuii mawimbi ya redio, kwa hiyo kifuatiliaji kinaweza kufichwa chini yake, mahali ambapo chini ya bati kisingesikia setilaiti.

Sasa suala la fundi mwenye cheti, ambalo naona ndilo lililomuudhi kijana. Aliyeunda gari zima anaambiwa hawezi kufunga king'ora! Mimi naelewa hasira yake, lakini cheti si tusi. Mwenye bima anataka karatasi inayosema mtambo gani umefungwa, lini, na nani. Mdogo wako anaweza kupitisha waya zote yeye mwenyewe kabla ya kufunga dashibodi, akaacha nafasi, kisha fundi akamalizia na kutia sahihi. Aulize kwanza kampuni yake kama inakubali, na majibu ayapate kwa maandishi.

Asije akajaza fomu kwamba mtambo upo wakati haupo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2012 inamtaka mwenye kukata bima awe mwangalifu wa kujibu ukweli, na akidanganya kwa makusudi kampuni inaweza kuufuta mkataba na kukataa kulipa. Sheria nyingine ya 2015, iliyoanza kutumika Agosti 2016, inamlinda yeye pia: kampuni haiwezi kukimbilia sharti ambalo kuvunjwa kwake hakungeweza kuongeza hatari ya hasara iliyotokea. Kama gari limegongwa barabarani, kampuni haitamwambia kwamba jana usiku hakuwasha king'ora. Lakini likiibwa king'ora kikiwa kimezimwa, hapo ana kesi nzito.

Jambo ambalo barua haikuligusa ni bei. Gari hili halimo katika orodha yoyote ya bei za sokoni. Apige picha kila hatua, atunze risiti, na aombe bima ya thamani iliyokubaliwa tangu mwanzo. Bila hivyo atalipwa kama mwenye Ford Sierra kuukuu.

Na kipupwe kikija, gari likikaa bandani, mtambo unaonyonya miliampea 20 hula karibu nusu ampea-saa kwa siku. Betri ndogo ya 40 itakuwa nusu baada ya siku 40 hivi, na betri ikifa mtambo hauna kazi. Anunue chaja ndogo ya kuiacha imechomekwa. Usukani wa kuchomoa, kama gari lake linao, aingie nao ndani.