Kipupwe ni Wakati wa Kupogoa Miti ya Nyumbani

Miezi ya Juni na Julai inapofika, sisi tunaoishi nyanda za juu hutoa masweta sandukuni na kuongeza kuni jikoni. Kazi za shamba hupungua. Maharage yamekwisha kupigwa, mahindi yanakaukia shambani, na magugu hayaoti kwa kasi kama wakati wa masika. Akina mama wengi huutumia muda huu kufuma, kukarabati jiko, au kujiandaa na harusi za ukoo. Lakini ipo kazi moja ambayo wakati wake ni huu, nayo husahauliwa katika nyumba nyingi. Ni kazi ya kupogoa miti ya matunda na vichaka vya maua vinavyozunguka nyumba.

Tuchukue mfano wa milima ya Usambara. Miti ya plamu, mapeasi, mapichi na matufaha ililetwa huko na wamisionari na walowezi wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19, ikazoea, na leo ni vigumu kumfikiria mtu wa Lushoto asiyekuwa na mti mmoja wa matunda nyuma ya jiko. Lakini ukipita vijijini utakuta miti mingi imerefuka mno. Matunda yako kileleni, madogo, yanaliwa na ndege. Chini ni vijiti vikavu na kuvu. Mwenye nyumba anautazama na kusema, "Huu umezeeka, tuukate tupate kuni." Mara nyingi mti wa namna hiyo haujazeeka. Umejisonga wenyewe kwa wingi wa matawi, na jua haliingii ndani.

Mti nao hulala

Katika nchi za Ulaya, mti wa matunda hupukutisha majani yote majira ya baridi. Kabla ya hapo huwa umekwisha kukirudisha chakula chake ndani ya shina na mizizi. Ukiukata wakati umelala, huupotezei chakula kingi, na jua likirudi nguvu yote ile huingia katika matawi machache yaliyobaki. Ndiyo maana bustani nyingi za huko hupogolewa kati ya Desemba na Februari.

Kwetu hakuna baridi ya namna hiyo. Aina nyingi za matufaha ya Ulaya zinahitaji saa 1,000 au zaidi za ubaridi ulio chini ya nyuzi 7 ndipo macho yake yafunguke vizuri. Lushoto haipati saa hizo, wala Limuru kule Kenya. Matokeo yake mti hulala nusu: tawi hili limepukutisha, lile lina majani, jingine limeanza kuchanua peke yake. Kwa hiyo mama anayenunua mche asiridhike kuambiwa tu kwamba "ni epo". Aulize jina la aina. Aina iitwayo Anna, iliyozalishwa nchini Israeli, hutosheka na baridi kidogo, lakini huzaa vizuri zaidi ikiwa na mwenzake wa aina nyingine karibu wa kubadilishana naye chavua, kama vile Dorset Golden. Kule Indonesia, katika milima ya Jawa Mashariki, wakulima wa matufaha huyapukutisha majani kwa mikono baada ya mavuno ili kuulazimisha mti uanze upya. Hilo hata sisi tunaweza kulifanya kwa mti mmoja au miwili ya nyumbani. Ni kazi ya jioni mbili pamoja na watoto.

Wakati mzuri wa kupogoa kwetu ni mwishoni mwa kipupwe, yaani Julai hadi katikati ya Agosti, kabla macho hayajaanza kuvimba. Wale wa Makete na sehemu za juu za Njombe, ambako umande huganda asubuhi, wangoje kidogo hadi baridi kali ipite, maana chipukizi changa huungua kwa barafu.

Tunda hukaa wapi?

Kabla ya kushika msumeno yafaa kujua kila mti unazaa kwenye tawi la namna gani. Hapa ndipo wengi huharibu, wakifikiri kupogoa ni kunyoa.

Mpichi huzaa juu ya vitawi vilivyoota mwaka uliopita tu. Tawi lililokwisha kuzaa halizai tena mahali pale. Basi mpichi usipokatwa kila mwaka, sehemu inayozaa husogea juu na mbali zaidi kila msimu, hadi usiweze kuifikia hata kwa ngazi. Mpichi hauogopi kukatwa. Punguza kwa ukarimu, ukiacha vitawi vipya vyenye unene wa penseli.

Mtufaha na mpeasi ni kinyume chake. Hii huzaa kwenye vijiti vifupi, vinene, vyenye mikunjo kama kidole cha mzee, ambavyo huanza kuzaa vikiwa na umri wa miaka miwili na kuendelea kwa miaka mingi. Mtu asiyejua huviona vibaya na kuvifyeka vyote ili mti "upendeze". Hapo amekata matunda ya miaka kadhaa. Kwenye miti hii tunaondoa matawi yanayosongana na kuviacha vijiti vile. Mplamu uko katikati: una vijiti vifupi, na pia huzaa kwenye vitawi vya mwaka jana.

Namna ya kukata

Tembea kwanza kuuzunguka mti mara mbili bila kukata kitu. Kisha anza na yale yasiyo na ubishi: matawi makavu, yaliyovunjika, yenye ugonjwa. Fuata yanayosuguana, ukiacha lililo bora. Ondoa machipukizi yaliyosimama wima kama fimbo katikati ya mti, kwani hayo hunyonya nguvu na kuzaa kidogo sana. Ondoa pia yote yanayoota chini ya mahali mche ulipounganishwa. Hayo ni ya shina la kienyeji, na ukiyaacha yataumeza mti uliounulia fedha. Baada ya hapo simama tena utazame. Mara nyingi kazi imekwisha. Kwa mwaka mmoja usizidishe robo ya matawi yote. Mti uliotelekezwa miaka kumi urudishe kwa miaka mitatu. Ukiukata wote kwa siku moja utakujibu kwa msitu wa fimbo zilizosimama wima.

Kitawi kidogo kikatwe nusu sentimita juu ya jicho linalotazama nje, mkato ukiinama kidogo ili maji ya mvua yasitulie juu yake. Tawi kubwa hukatwa mara tatu. Mkato wa kwanza upitie upande wa chini, kiasi cha sentimita 30 kutoka kwenye shina, uishie theluthi ya unene. Wa pili utokee juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, tawi lianguke. Wa tatu uondoe kisiki kilichobaki. Ukifanya kwa mkato mmoja, tawi huanguka kwa uzito wake na kuchuna gamba la shina hadi chini.

Huo mkato wa tatu ndio wenye maana kuliko yote. Tazama mahali tawi linapotokea kwenye shina, utaona uvimbe kama kola ya shati. Kata nje ya kola hiyo, usiiguse. Zamani wataalamu wengi walifundisha kukata sawasawa na shina na kupaka lami au rangi. Mtaalamu wa Kimarekani, Alex Shigo, aliyepasua maelfu ya magogo ili kuona ndani yake, alionyesha katika miaka ya 1970 na 1980 kwamba jeraha la mti haliponi kama la ngozi yetu. Mti hujenga ukuta wa kulifungia, na ukuta huo hujengwa pale kwenye kola. Rangi haizuii kuoza. Kwa hiyo okoa fedha ya rangi, ununue msumeno mkali.

Panga tungependa libaki kwenye mahindi. Linapasua, halikati. Msumeno wa mkono na mkasi wa miti vinatosha, na majirani watano wakichanga wanaweza kumiliki seti moja. Ukitoka kwenye mti mgonjwa kwenda mwingine, futa makali kwa spiriti, au kwa dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji. Kisha kausha na kupaka mafuta, la sivyo vitashika kutu.

Nani mwenye mti?

Haya yote ni rahisi kuliko swali hili. Katika nyumba nyingi za milimani mti una mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe si mama anayeuokota matunda. Umepandwa na baba mkwe, au uko kwenye ardhi ya ukoo. Mwanamke akionekana ameshika msumeno huulizwa anaharibu mali ya nani.

Mama mmoja wa huko Usambara tuliyezungumza naye alikuwa na miplamu mitatu iliyopandwa na baba wa mumewe. Mume yuko kazini Tanga, anarudi mwisho wa mwezi. Fedha ya plamu ndiyo iliyokuwa ikinunua sare na madaftari, lakini mwaka hadi mwaka ndoo zilipungua. Alipotaka kupogoa, shemeji yake alikuja uani na kumwambia kwamba mzee hajafa siku nyingi kiasi hicho hata miti yake ianze kukatwa. Hakugombana naye. Alingoja mume arudi, wakatoka wote watatu na shemeji, wakauzunguka mti ulio mbaya zaidi, akawaonyesha matawi makavu moja baada ya jingine. Walikubaliana mti mmoja tu.

Msimu uliofuata mti ule ulitoa matunda machache kuliko ile miwili, na hapo kidogo apoteze ushindi wake. Lakini yalikuwa makubwa, na wachuuzi wanaoteremsha mizigo Mombo waliyachukua kwanza. Mwaka wa pili ulizidi mingine kwa idadi pia. Mume akaruhusu yote. Shemeji anasema ilikuwa mvua.

Tunamsifu mama huyu kwa subira yake, ila tungeongeza jambo moja. Sheria za ardhi za Tanzania za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Mwanamke akipanda mti wake mwenyewe, mumewe akijua na majirani wakiona, miaka ijayo hatahitaji kikao ili kuukata tawi. Kwa mjane jambo hili si dogo.

Isiyopogolewa wakati huu

Si kila mti hupenda msumeno wa Julai. Mwembe, hasa kwa dada zetu wa pwani, huanza kutoa maua katika miezi hii ya ubaridi. Ukiukata sasa umekata maembe ya Desemba. Mwembe upogolewe mara tu baada ya mavuno. Kahawa vilevile husubiri mavuno yaishe. Mparachichi haupendi kuvuliwa ghafla, kwani gamba lililozoea kivuli huungua na kupasuka kwa jua. Ukilazimika kuukata, yapake matawi yaliyobaki wazi chokaa iliyochanganywa na maji. Bogenvilia na maua mengine ya namna hiyo ikatwe maua yakishapukutika.

Mawaridi, kwa upande wake, yanapenda sana kupogolewa kipupwe. Bakiza fimbo nne au tano zenye nguvu, urefu wa magoti, katikati pakiwa wazi kama bakuli.

Kuhusu ua wa nyumba: upana wa chini uzidi wa juu, vinginevyo sehemu ya chini hukosa jua, hukauka, na kuku wa jirani wanapita. Ua wa msaipresi usikatwe hadi kwenye kijiti kisicho na majani, kwa sababu hauchipui tena hapo. Utabaki na tundu daima.

Uangalifu kwa ajili ya watoto

Utomvu mweupe wa mnyaa ukiingia jichoni huunguza vibaya na unaweza kudhuru kuona. Vaa mikono mirefu, funga macho kwa miwani yoyote uliyo nayo, na watoto wakae ndani. Ukirukia jichoni, osha kwa maji mengi safi papo hapo, kisha nenda zahanati, usingoje kesho. Mwoleanda, ule wenye maua ya waridi na meupe tunaoupanda mbele ya nyumba, una sumu katika kila sehemu yake. Vijiti vyake visiingie jikoni hata kidogo, wala kwa kuni wala kwa kuchomea mishikaki, na mbuzi asitupiwe majani yake. Tawi lililogusa waya wa umeme si kazi ya mama wala ya kijana wa jirani. Toa taarifa shirika la umeme. Na kwenye ngazi mtu mmoja ashike chini siku zote.

Matawi yaliyokatwa yana kazi. Makubwa ni kuni, yakikauka miezi miwili. Majani mazima yatandazwe chini ya migomba au yaingie shimo la mboji. Yenye ugonjwa yachomwe. Vijiti vya mawaridi vyenye unene wa penseli, urefu wa kiganja na nusu, vichomeke kwenye udongo wenye mchanga mahali pa kivuli, macho mawili yakiwa juu ya ardhi, na vimwagiliwe kila baada ya siku mbili. Mvua za vuli zikianza vingi vitakuwa vimeshika mizizi, tayari kuhamishwa au kupelekewa jirani.